Redio na Simu Katika Darasa la Watu Wazima

Sogeeni karibu na redio. Aliyekaa nyuma na aje mbele, ili asije akamwuliza jirani yake kila mara, "Amesema nini?"

Leo tutazungumza juu ya vyombo hivi tunavyosomea, yaani redio na simu. Katika madarasa yetu swali moja huulizwa sana: Darasa likiwa na redio, au simu yenye masomo ndani yake, kuna haja gani tena ya mwalimu na kitabu? Na sisi wenyewe kwa nini tutoke Kanazi nzima kuja kukaa pamoja, badala ya kila mtu kusikiliza nyumbani kwake?

Swali hili lina jibu, na jibu lake limo katika historia yetu. Mwaka 1968, mkoa wetu ulipokuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi, Serikali na UNESCO walianza mradi wa kisomo katika mikoa ya kando ya Ziwa Viktoria. Makao yake yalikuwa Mwanza. Katika mradi ule watu wazima walijifunza kusoma kwa habari za kazi zao wenyewe: pamba kwa wakulima wa pamba, migomba kwa wakulima wa migomba. Hilo lilikuwa jambo la busara, kwa sababu mtu mzima hachoki kusoma habari za shamba lake.

Kisha mwaka 1973 ikaja kampeni ya "Mtu ni Afya". Wazee walio darasani wataikumbuka. Watu wapatao milioni 2, Tanzania Bara, walikutana katika vikundi kwa muda wa majuma 12. Walisikiliza kipindi cha redio juu ya malaria, kichocho, kuhara na magonjwa mengine. Lakini tazameni jinsi walivyofanya. Kipindi kilipokwisha, redio ilizimwa. Kiongozi wa kikundi alifungua kitabu na kuwasomea wenzake habari ile ile. Ndipo wakaulizana: Je, ugonjwa huu upo hapa kwetu? Unatoka wapi? Tutafanya nini, na nani ataanza? Baada ya hapo wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba zao.

Redio haikuchimba choo hata kimoja. Ilifikisha habari moja kwa vikundi vingi mno kwa wakati mmoja, kazi ambayo mwalimu mmoja mwenye baiskeli asingeiweza. Kazi iliyobaki ilifanywa na watu waliokaa wakatazamana uso kwa uso. Jirani akisema mbele ya wenzake, "Jumamosi nitachimba," ataona haya asipochimba. Mtu anayesikiliza peke yake kitandani hana wa kumwonea haya.

Sasa tuje kwa mambo ya leo. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba umeonekana katika mkoa wetu wa Kagera. Sina haja ya kuwaambia watu wa Kanazi maana ya kibanja kukauka. Mgomba ndio chakula cha nyumba. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya, kwa hiyo ujuzi wa mkulima ndio kinga yake. Basi, darasa linaweza kujifunzaje jambo hili kwa simu?

Kwanza, mwalimu aweke simu moja katikati. Kama sauti ni ndogo, itieni ndani ya bakuli au sufuria tupu. Mtaona sauti inavyokua. Sikilizeni maelezo mafupi, dakika tano tu. Hapa simu inaishinda redio ya mwaka 1973, kwa maana redio haimngoji mtu. Neno likikupita, limekwenda. Masomo yaliyohifadhiwa katika simu yaweza kusimamishwa na kurudiwa mara tatu, hata mara kumi, na hakuna atakayekasirika.

Kisha zimeni. Mwalimu aandike ubaoni maneno machache: mnyauko, chane, ua dume, panga. Ua dume ni lile la rangi ya zambarau linaloning'inia mwisho wa mkungu. Wadudu hulitembelea na kuchukua ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba. Kwa hiyo chane ya mwisho ikishatoka, ua dume huvunjwa kwa mti wenye panda, wala halikatwi kwa panga, kwa sababu panga nalo hubeba ugonjwa. Panga lililotumika katika mgomba lipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Tatu, tazameni picha za mgomba mgonjwa: majani ya manjano yaliyolegea, ndizi zinazoiva kabla ya wakati, na ndani yake rangi ya kutu. Picha ndogo yaweza kukuzwa kwa vidole viwili, na herufi pia. Kwa macho ya wazee wetu huo ni msaada mkubwa kuliko miwani ya kuazima. Lakini msiishie hapo. Twaeni simu, mwende shambani kwa mmoja wenu, mlinganishe picha na migomba iliyosimama. Mimi huona saa moja ya kibanjani yafaa kuliko saa tatu za kutazama kioo.

Wengine hudhani darasa lisilo na simu kubwa za kupangusa limepitwa na wakati. Si kweli. Hata kitochi chatosha kwa zoezi la kuandika ujumbe na kuusoma mbele ya wenzako. Na mkikosa vyote, mawe ya redio yamekwisha na umeme hakuna, kitabu na ubao vipo.

Sasa mwalimu, zima redio. Wanafunzi, kila mmoja aandike katika daftari sentensi tatu: mgomba mgonjwa unafananaje, utafanya nini ukiuona, na utamwambia nani kwanza. Msomeane. Kisha chagueni kibanja mtakachokwenda kukitembelea kabla ya kipindi kijacho, na mwenye kibanja aandike siku na saa ubaoni. Kwaherini.