Jebel Akhdar: picha iko shambani

Picha za milima ya Oman zinazopendwa na wapigapicha wageni hufanana: korongo refu, anga tupu, mti mkavu ukingoni. Hamna mtu, hamna nyumba, hamna jembe. Ukizitazama utadhani mawe yale hayana mwenyewe. Lakini anayeingia milimani kwa gari kutokea upande wa Sharqiyah, eneo la mashariki, akawa anasimama njiani, huona kwamba picha hizo zimeacha nje nusu ya habari, tena nusu iliyo bora.

Mimi na mwenzangu tulianzia mji wa pwani wa Sur, ila hatukukaa. Majahazi ya pale na mnara wa taa wa Al Ayjah vimepigwa picha mpaka basi, na mwanga wa pwani ile, jua likishapanda, huwa mweupe wenye mvuke, haufai kitu. Tukashika barabara ya Ibra, jangwa la mchanga likiwa kushoto kwetu na safu ya milima ya Hajar kulia.

Ibra hatukuweza kuipita. Tulisimama dukani kununua maji, nikajikongoja na Kiarabu changu. Mzee mwenye duka alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa Kiunguja kilichonyooka: “Wewe mtu wa wapi?” Nikamwambia, “Wa Tanga, ami. Shikamoo.” Akaitikia, “Marahaba. Sasa sema Kiswahili, usijitese.” Hilo halishangazi kwa anayejua historia. Watu wa Sharqiyah, koo za Waharthi na Wabarwani zikiwamo, walivuka bahari kwenda Unguja na bara kwa biashara ya karafuu na pembe, na ya watumwa pia, jambo lisilofaa kurukwa. Wengi wa vizazi vyao walihamia Oman baada ya Mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970.

Mali ya biashara ile bado inaonekana Al Manzafah, mtaa wa kale wa Ibra, ingawa majumba yake ya ghorofa yanamomonyoka. Nenda alasiri. Jua likilala ubavuni mwa ukuta, lipu ya udongo inatoa kila alama: hapa kiganja kilipapasa, pale vidole vinne vimeburuta tope kuelekea dirishani. Saa sita mchana huoni kitu, ukuta ni ukuta tu.

Kutoka Ibra tulielekea Nizwa, mji wa Ijumaa. Asubuhi yake mnada wa mbuzi huzunguka duara, wanunuzi wamekaa, wauzaji wakipita mbele yao na kamba mkononi. Baada ya hapo ni Birkat al-Mouz, chini ya mlima wa Jebel Akhdar, kwenye kizuizi cha polisi. Gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne halipandi, na ukiona njia za dharura zilizochongwa pembeni kwa ajili ya magari yanayokatika breki, hutabishana na askari. Barabara inapanda hadi uwanda wa Saiq, kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Chini tuliacha joto la kuwasha kiyoyozi. Juu tulitafuta makoti.

Mwaka 2011 serikali ilitangaza sehemu ya Jebel Akhdar kuwa hifadhi ya mandhari. Yaani kinacholindwa pale, kwa sheria, ni sura ya mahali. Uamuzi mzuri, lakini sura inayomvuta mgeni Jebel Akhdar haikuja yenyewe. Vijiji vya Al Aqr, Al Ayn na Ash Shirayjah vimeshikilia ukingo wa genge, na chini yake mashamba yanateremka ngazi kwa ngazi, kila ngazi ina ukuta wa mawe unaozuia udongo usiporomoke. Maji huletwa kwa falaji, yaani mifereji ya kumwagilia, na kila mwenye haki ana zamu yake. Zamani zamu ilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Falaji tano za Oman ziliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mbili kati yake, Al-Khatmeen ya Birkat al-Mouz na Daris ya Nizwa, ziko chini ya mlima huu huu.

Hapo ndipo lenzi pana, kipenzi cha wapigapicha wa mandhari, inapokuangusha. Inayasukuma mashamba mbali yakawa mistari, picha nzima ikabaki mwamba. Chukua lenzi ndefu, simama ng’ambo ya pili kabla jua halijatoka, ngoja. Ngazi zinasogeleana, na mtu aliyeinama kwenye mfereji anaonekana mtu.

Mwishoni mwa Machi hadi Mei waridi huchanua, na huchumwa alfajiri kabla jua halijafuta harufu. Tuliingia kwenye chumba cha kukenekea maji yake, kuta nyeusi tii kwa moshi wa miaka. Petali hujazwa kwenye chungu juu ya moto, chombo kitupu katikati, juu kabisa bakuli la maji baridi. Mvuke unapanda, unagota chini ya bakuli, unadondoka chomboni. Kamera yangu ilipata ukungu na sikujali.

Mikono inayopalilia siku hizi mara nyingi ni ya vibarua wa Bangladesh. Vijana wa kijijini wako Nizwa na Muscat maofisini, na si haki kuwalaumu. Mvua nayo imekuwa haba, ngazi kadhaa zimekauka, mikomamanga imesimama mifu. Hoteli za kifahari zilizoota ukingoni zinaiuza mandhari hiyo hiyo kwa bei kali.

Wilfred Thesiger, Mwingereza aliyepiga picha Arabuni miaka ya 1940 na baadaye akaishi Maralal, Kenya, alizunguka nje ya mlima huu asiruhusiwe kuupanda. Leo kila mwenye gari linalofaa anapanda, na wengi hurudi na picha ya shimo.

Mambo ni hayo hayo Jebel Shams, mlima mrefu kuliko yote Oman, wa takriban mita 3,000, wenye korongo la kutisha liitwalo Wadi Nakhr. Kilele chenyewe ni cha jeshi. Wengi hupiga picha ukingoni na kugeuza gari. Ukifuata njia ya miguu iliyochongwa ubavuni mwa genge utafika As Sab, kijiji kilichohamwa, na hata pale utakuta ngazi za mashamba.

Ukienda, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, hasa wanawake. Usirushe droni bila kibali, na usikanyage kuta za mashamba, kwani jiwe moja likitoka udongo hufuata. Maji ya waridi nunua kwa mwenye shamba. Na gari dogo liache Birkat al-Mouz, polisi watakurudisha.