Mstari wa Siku Uliyozaliwa

Sogeeni karibu, wanangu, kila mmoja apitishe ulimi kwenye jino lake la mbele. Mnausikia ule utelezi? Hiyo ni enameli, na mwilini hakuna kilicho kigumu kuishinda, hata mfupa.

Ile ya meno yenu ya utotoni ilianza kutengenezwa mkiwa bado tumboni mwa mama zenu. Ndani ya taya, seli nyembamba ndefu zilijipanga ubavu kwa ubavu. Zinaitwa ameloblasti, lakini mimi nitaziita mafundi. Mafundi hawa husubiri kwanza dentini, ile sehemu ya ndani ya jino, itangulie kidogo. Kisha huanzia kileleni mwa jino na kuteremka kuelekea shingoni. Fundi huweka tabaka, hurudi nyuma, huweka jingine, hurudi tena. Kutwa kucha enameli huongezeka unene wa takriban sehemu 4 tu kati ya 1,000 za milimita moja!

Enameli changa ni laini, imejaa protini. Unene ukitimia, mafundi hubadili kazi: huondoa protini na kuingiza kalsiamu na fosfeti, mpaka madini yanakuwa kama asilimia 96 ya uzito wake. Jino likichomoza, mafundi wote wamekwisha kufa. Ndiyo maana mfupa uliovunjika huunga, ila enameli iliyomeguka haioti tena.

Sasa sikilizeni ninalolipenda kuliko yote. Kila siku ya kazi huacha alama. Wataalamu wakikata kipande chembamba cha jino na kukitazama kwa hadubini, huona vistari vya siku baada ya siku. Katika meno ya utotoni kuna mstari mmoja uliojitenga na mingine: ulichorwa mlipozaliwa, mwili ulipobadilika ghafla na mafundi wakayumba. Hata gego la kwanza la kudumu, linaloota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, huweza kuwa nao.

Maji nayo huacha alama. Kuzunguka Mlima Meru, Arusha, maji mengi hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi. Ikiwa kidogo, hulisaidia jino. Ikizidi wakati mtoto angali mdogo, mafundi hushindwa kuondoa protini vizuri, na enameli hubaki na vitundu visivyoonekana kwa macho. Jino likishaota, vitundu hivyo hunywa rangi. Kwa hiyo mkikutana na mwenzenu wa huko mwenye meno ya kahawia, msidhani hapigi mswaki. Rangi ile imo ndani ya enameli yenyewe, mswaki hauifikii.

Pale Ngurdoto, karibu na Arusha, kuna kituo kinachoshughulikia tatizo hili. Maji huchujwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa ina madini ya jamii ileile iliyomo kwenye enameli, basi huidaka floraidi chujioni, kabla haijafika kwa mtoto ambaye meno yake bado yako mikononi mwa mafundi.