Soksi za kubana: mguu upimwe kwanza

Ikifika jioni, viatu vilivyomtosha mwalimu asubuhi huwa vimeanza kumfinya. Ndivyo ilivyo pia kwa mlinzi aliyesimama langoni, msusi wa saluni na dereva wa matatu aliyekaa kwenye usukani kutwa nzima. Miguu huwa mizito, na alama ya soksi huchimbika juu ya kifundo. Wakazi wengi sasa wanatafuta soksi za kubana, zinazouzwa katika maduka ya dawa na hata kwenye mitumba. Zinasaidia kweli, lakini si kila mguu unaovimba unazihitaji, na iko miguu inayoweza kuumizwa nazo.

Damu hushuka miguuni kwa msukumo wa moyo. Kurudi juu ndiko kugumu. Mtu anapotembea, misuli ya shavu la mguu huikamua mishipa inayorudisha damu, yaani vena, na vali ndogo zilizomo ndani yake hujifunga ili damu isirudi chini. Akisimama au kukaa saa nyingi bila kusogea, misuli hiyo haifanyi kazi. Damu hutuama, majimaji huvuja kutoka mishipani, na mguu huvimba. Vali zikiharibika, vena zilizo karibu na ngozi hutanuka na kujipinda, ngozi iliyo juu ya kifundo hugeuka rangi, na hata kidonda kinaweza kutokea ambacho huchukua miezi kupona.

Soksi hizi hubana zaidi kifundoni na kulegea kadiri zinavyopanda kuelekea gotini. Hivyo vena hupungua upana na damu hupanda kwa kasi zaidi. Nguvu yake hupimwa kwa milimita za zebaki, kama presha. Zile za 15 hadi 20 hutumika kwa uchovu wa miguu na safari ndefu. Za 20 hadi 30 na kuendelea zivaliwe kwa ushauri wa mhudumu wa afya. Haziponyi vali zilizoharibika. Zikivuliwa, msaada wake umeisha.

Anayeugua kisukari na miguu imekufa ganzi, mwenye ugonjwa wa moyo, au anayeumwa na shavu la mguu kila akitembea na kupata nafuu akipumzika, asizivae kabla ya kupimwa. Huenda mishipa inayopeleka damu miguuni imeziba, na kubana zaidi kunaweza kusababisha kidonda. Kipimo si kikubwa: daktari au muuguzi hugusa mapigo ya damu juu ya wayo, na pengine hulinganisha presha ya kifundo na ya mkono.

Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa na maumivu na joto, hasa baada ya upasuaji, kujifungua au safari ndefu, soksi ziwekwe kando. Huenda damu imeganda ndani ya vena. Mguu huo usikandwe wala kuchuliwa kwa mafuta, kwa kuwa bonge la damu linaweza kuchomoka na kufika kwenye mapafu. Mgonjwa apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Akikosa pumzi au kifua kikimchoma, ni dharura. Mama mjamzito anayevimba uso na mikono huku kichwa kikimuuma naye asisubiri siku ya kliniki.

Anayeruhusiwa kuzivaa apimwe mzunguko wa kifundo na wa shavu la mguu kwa tepu, asubuhi kabla mguu haujavimba. Kuchagua kwa namba ya kiatu pekee hakutoshi. Za mitumba ni za kuangaliwa sana: nyingi mpira umelegea kifundoni huku ukingo wa juu ukiwa bado umekaza, na hapo zinazuia damu badala ya kuipandisha. Ukingo usikunjwe, kwa sababu hiyo hiyo. Soksi zivaliwe mara mtu anapoamka na zivuliwe wakati wa kulala. Zifuliwe kwa mkono bila jiki na kuanikwa kivulini. Baada ya miezi 6 hivi ya kuvaliwa kila siku, mpira huwa umechoka.

Asiye na pesa za kununua bado ana la kufanya. Jioni alale chali na kuinua miguu juu ya mto, ipite usawa wa moyo. Na akiwa kazini, hata mlinzi anaweza kuinua na kushusha visigino mara 20 kila nusu saa bila kuondoka langoni.