Je, Wajua Kilichomo Kwenye Sekta ya 17?

Kompyuta za mezani za shule huletwa kwangu zikiwa na karatasi iliyobandikwa ubavuni: "CD mbovu." Mwalimu alitaka kupiga Windows upya, akatia diski, akawasha, na kioo kikabaki cheusi chenye mstari mmoja wa maandishi meupe. Papo hapo draiva ikahukumiwa. Mara nyingi hung'olewa na kutupwa, na pengo lake huzibwa kwa kipande cha boksi. Inaniuma, maana nyingi kati ya draiva hizo nikizipima nazikuta nzima.

Kompyuta ya zamani ya namna hiyo inapowaka haitafuti faili lolote kwenye diski. Saa hiyo haijui hata faili ni nini, kwa kuwa mfumo endeshi unaojua mambo ya mafaili na mafolda bado haujapakiwa. Iliyo macho ni BIOS peke yake, programu ndogo inayoishi kwenye chipu ya ubao mama. BIOS huiagiza draiva jambo moja: nisomee sekta namba 17.

CD ya data imegawanywa katika sekta za baiti 2,048 kila moja, zimepangwa kwenye mstari mmoja unaozunguka kuanzia katikati kwenda nje, kama ukili unavyozungushwa kushona kawa. Mstari huo ungenyooshwa ungezidi kilomita 5. Sekta huhesabiwa kuanzia sifuri. Kumi na sita za mwanzo hazitumiwi na orodha ya mafaili; ya 16 ina utambulisho wa diski, yaani jina lake, ukubwa wake na mahali orodha ya mafaili ilipo. Na sekta ya 17, kama diski ni ya kuwashia, ina maneno haya kwa herufi kubwa: EL TORITO SPECIFICATION.

El Torito ni Kihispania, fahali mdogo. Kanuni zenye jina hilo, za kuwasha kompyuta kwa CD, zilitolewa Januari 1995 na kampuni za Phoenix Technologies na IBM, na inasimuliwa kuwa jina lilitokana na mgahawa wa vyakula vya Kimeksiko huko California ambako wahandisi wake walikuwa wakila. Kabla ya hapo, PC ya kawaida ilianza kwa flopi kwanza, hata kama programu yote imo kwenye CD. El Torito ilileta ujanja ninaoupenda mpaka leo: CD inabeba tumboni nakala kamili ya flopi ya megabaiti 1.44, na BIOS inaichukua nakala hiyo na kuitangaza kuwa ndiyo draiva A. Programu iliyoandikiwa flopi inaamka na kufanya kazi, haina habari kwamba flopi haipo. Kanuni hizo ziliruhusu pia njia ya moja kwa moja isiyoigiza chochote, na ndiyo inayotumiwa na CD ya Windows XP.

Kutoka sekta ya 17 BIOS huelekezwa kwenye katalogi fupi, na hapo hukagua. Baiti 55 na AA ziko mahali pake? Namba za fungu la kwanza, zikijumlishwa kwa hesabu ya biti 16, zinaleta sifuri? Fungu linalofuata linaanza na 88? Likianza na 00, diski si ya kuwashia, na BIOS inaiacha.

Sasa fikiria nakala zinazotengenezwa steshenari. Mtu anafungua CD ya Windows, anachagua mafaili yote, anayanakili, anachoma diski mpya. Hakuna faili lililopotea. Lakini sekta ya 17 si faili. Haionekani ndani ya folda lolote, kwa hiyo imebaki kwenye diski ya zamani. Kosa la pili ni kupakua faili la ISO, yaani taswira ya diski nzima, na kulichoma kama faili la kawaida. Ukifungua diski unalikuta limekaa peke yake, kubwa, halifai kitu. ISO huchomwa kwa amri ya kuchoma taswira, ili kila sekta iangukie mahali pake.

Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, tia diski kwenye kompyuta iliyokwisha kuwaka. Ukiliona jina la diski, sekta ya 16 imesomeka, na ya 17 ni jirani yake wa ukuta mmoja. Jina likionekana kwenye mashine ileile inayolaumiwa, draiva yako inasoma. Kagua diski ilivyochomwa, au mpangilio wa kuwashia ndani ya BIOS. Kwenye mashine za mtumba mpangilio huo hupotea betri ya CR2032 inapoisha, na dalili yake ni saa kurudi nyuma miaka mingi. Mashine mpya zenye ulinzi wa Secure Boot huweza kuzikataa diski za zamani. DVD haisomeki kwenye draiva ya CD tupu. CD ya Windows husubiri sekunde chache tu ubonyeze kitufe. Lenzi yenye vumbi husafishwa kwa pamba na spiriti, taratibu, maana imening'inia kwenye nyaya nyembamba mno. Na tafadhali, usilaze diski upande wa maandishi ukidhani unaukinga ule unaong'aa. Upande unaong'aa una plastiki ya karibu milimita 1.2, ule wa maandishi una rangi na laka tu juu ya alumini yenyewe, na mkwaruzo wa huko hauponi.

Ubuntu, mradi wa mfumo endeshi ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ulituma CD za bure za kuwashia kwa posta duniani kote hadi 2011. Bahasha hizo bado zimo kwenye makabati ya shule, hazijafunguliwa, katika chumba kilekile chenye kompyuta zilizofunikwa kanga kwa sababu hadidiski zimekufa. CD hai ya namna hiyo huiwasha mashine bila kuhitaji hadidiski kabisa.

Na draiva ina kazi nyingine: kuokoa mafaili ya hadidiski inayokufa, kusoma picha za CT walizopewa wagonjwa hospitalini, kuhamisha video za harusi kabla hazijafifia, kupima RAM kwa programu ya Memtest, na ikifa kweli, mota zake ndogo wape wanafunzi wa ufundi wajifunzie, ila leza wasiichungulie.