Reli Iliyogeuka Njia ya Baiskeli: Bonde la Eyrieux, Kusini mwa Ufaransa

Kutoka Paris hadi Valence treni ya kasi huchukua saa mbili na robo hivi. Ukishuka hapo ukatazama magharibi, ng'ambo ya mto Rhône, unaona ukuta wa milima umejipanga kutoka kaskazini hadi kusini. Hiyo ndiyo Ardèche, jimbo la mabonde ya kina na vijiji vya mawe, lenye watu karibu 330,000 katika kilomita za mraba 5,500 hivi. Ufaransa inasifika kwa treni zake, lakini upande huu wa mto treni za kawaida za abiria zilikoma mwaka 1973. Reli ndogo za milimani zilikuwa zimetangulia: mtandao wa Vivarais, uliojengwa kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, ulifungwa tarehe 31 Oktoba 1968. Zikabaki stesheni, madaraja ya matao na mahandaki yasiyopitwa na kitu. Mabaki hayo ndiyo niliyoyafuata kwa baiskeli siku nne za mwezi Mei.

Wenyewe wanaiita Dolce Via, jina la Kiitaliano lenye maana ya njia tamu. Ina urefu wa kilomita 90 hivi, na kwenye ramani imekaa kama panda ya manati. Mpini unaanzia La Voulte-sur-Rhône, unafuata mto Eyrieux hadi mji mdogo wa Le Cheylard. Hapo unagawanyika: mkono mmoja unapanda hadi Saint-Agrève, mwingine unavuka kwenda Lamastre. Vyuma na mataruma viling'olewa, tuta likashindiliwa mchanga na kokoto laini. Kanuni za barabarani za Ufaransa zinaziita njia za namna hii njia za kijani, na tangu mwaka 2004 zimetengwa rasmi kwa ajili ya baiskeli, waenda kwa miguu na wapanda farasi. Gari haliruhusiwi, pikipiki vilevile. Pale njia inapokatiza barabara ya magari unapunguza mwendo, unatazama kulia na kushoto, unavuka, na baada ya hatua ishirini magari yamesahaulika.

Msomaji aliyewahi kusukuma baiskeli kutoka Mombo kwenda Lushoto atauliza milima hiyo inapandwaje. Jibu liko kwenye udhaifu wa garimoshi. Injini ya mvuke ina nguvu nyingi, lakini magurudumu ya chuma juu ya reli ya chuma huteleza mlima ukizidi kidogo tu. Kwa hiyo wahandisi hawakuwa na njia ya mkato. Kila kijito walikifuata hadi ndani kabisa ya kikunjo cha mlima, wakakivuka kwa daraja, wakatoka tena upande wa pili. Penye mwamba walitoboa. Ndiyo maana kutoka La Voulte hadi Le Cheylard unapanda kama mita 350 tu katika karibu kilomita 50. Miguu haisikii kitu. Macho ndiyo yanayogundua kwamba mto uliokuwa kando yako asubuhi sasa uko chini kabisa ya korongo. Mkono wa Saint-Agrève ndio wenye jasho, zaidi ya mita 600 katika kilomita 25 hivi, lakini hata huko nilikutana na wazee wa makamo ya miaka sabini wakipanda huku wakizungumza bila kukatika pumzi.

Kwa mtu aliyezoea kuendesha baiskeli Dar es Salaam, daladala ikimpumulia mgongoni, mabadiliko huanzia mabegani. Saa nzima ya kwanza mabega yangu yalikuwa yamekaza yakisubiri honi. Yalipolegea ndipo masikio yalipofunguka: kokoto zikisagika chini ya tairi, cheni ikizunguka, kengele za mbuzi ng'ambo ya bonde, mtu anapasua kuni mahali nisipopaona. Ndani ya handaki baridi inakupokea kama ya kisimani, matone yanaanguka gizani, kisha unatoka na joto la jua linakulaki usoni pamoja na harufu ya maua ya manjano ya vichaka vya mlimani. Sijawahi kuijua nchi ya watu kwa masikio na pua namna hiyo.

Lakini kilichonishika zaidi ni kuta. Kutoka ukingo wa mto hadi karibu na vilele, miteremko imekatwa ngazi, na kila ngazi inashikiliwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila chokaa wala saruji. Watu wa Usambara na Uluguru wanajua shida ya kulima mteremko. Huku kazi hiyo ilifanywa karne kwa karne, na udongo ulioporomoshwa na mvua ulirudishwa juu mgongoni, kikapu baada ya kikapu. Leo ngazi nyingi zimemezwa na msitu. Katika miaka ya 1860 Ardèche ilikuwa na watu karibu 390,000, wengi kuliko ilionao leo, na anayekwenda polepole anaweza kusoma njiani kilichowaondoa.

Kwanza ni hariri. Olivier de Serres, bwana shamba wa Ardèche aliyechapisha kitabu chake kikuu cha kilimo mwaka 1600, alimsaidia Mfalme Henri IV kueneza miforosadi, miti ambayo majani yake hulisha viwavi wa hariri. Baadaye mito ya milimani ikazungusha viwanda vya kusokota nyuzi, na kando ya Eyrieux bado unapita majengo marefu ya mawe ambamo wasichana wa vijijini walifanya kazi kutwa kucha. Katikati ya karne ya 19 ugonjwa uliwaangamiza viwavi. Louis Pasteur alitumwa kusini mwa Ufaransa mwaka 1865 kuuchunguza, akafaulu kuonyesha jinsi ya kuchagua mayai mazima, lakini hariri ya Asia ilikwishaingia sokoni na wafugaji wengi hawakuinuka tena. Akafuata mdudu aliyeshambulia mizabibu, kisha vita vya mwaka 1914. Kila kijiji kina nguzo ya majina ya waliokufa vitani. Katika kijiji kimoja kisichofikisha nyumba hamsini nilihesabu jina la ukoo mmoja mara tano.

Kilichowashibisha watu hawa kizazi hadi kizazi ni chesinati. Ni tunda la ganda la kahawia linalong'aa, lililofichwa ndani ya kifuko cha miiba mithili ya kinungunungu mchanga. Ndani mna wanga mtamu, ladha yake iko kati ya kiazi kitamu na njugu. Wenyeji waliuita mti wake mti wa mkate. Katikati ya mashamba kuna vibanda vya mawe vinavyoitwa clède. Chini uliwashwa moto wa moshi usio na mwali. Juu, kwenye dari la fito, matunda yalitandazwa na kugeuzwa kwa wiki kadhaa mpaka yakauke kabisa, yakawekwa akiba ya kusaga unga na kupika uji. Nilichungulia ndani ya kimoja kilicho hatua chache kutoka njiani. Kuta ni nyeusi kama za jiko la kuni la bibi yangu, fito zimenata masizi, na ukiweka pua karibu harufu ya moshi bado imo, ingawa ni dhahiri moto haujawashwa humo miaka mingi. Jimbo hili hutoa takriban nusu ya chesinati zote za Ufaransa, za aina zaidi ya 60, na tangu mwaka 2006 jina la chesinati za Ardèche linalindwa kisheria. Kwenye mikate, keki na jemu utaikuta kila mahali, nami nakushauri usiondoke bila kuonja.

Milima hii ina deni pia kwa mtu mmoja wa jirani, Paul de Vivie wa Saint-Étienne, aliyejulikana kwa jina la uandishi Vélocio. Alikuwa mfanyabiashara wa hariri kabla ya kuvutwa na baiskeli, na mwaka 1887 alianzisha jarida lake la waendesha baiskeli. Enzi hizo wengi waliona kubadilisha gia ni ulegevu. Mashindano ya Tour de France hayakuwaruhusu washindani kutumia mashine ya kubadilisha gia mpaka mwaka 1937. Vélocio alishikilia kwamba baiskeli ni chombo cha kuona nchi, na kwamba mtu wa kawaida mwenye gia nyingi anaweza kuvuka milima aliyodhani si yake. Alifariki mwaka 1930, kabla ya mashindano hayo kukubali. Kila nilipoihamisha cheni kwenye meno makubwa ya nyuma, nikaendelea kupanda nikiwa nimekaa, nilimshukuru.

Mambo ya safari ni machache. Baiskeli yenye tairi za upana wa milimita 35 au zaidi inatosha, mradi breki ni nzima na una tyubu ya akiba. Mimi nilipata pancha moja, nikaiziba nimekaa kwenye jukwaa la stesheni ambalo abiria wake wa mwisho walipanda kabla sijazaliwa. Baadhi ya stesheni zimekuwa migahawa na nyumba za wageni. Jumapili alasiri na Jumatatu maduka mengi ya vijijini hufungwa, kwa hiyo nunua mkate mapema. Muislamu aulize kabla ya kula, kwani soseji na caillette, ambazo ni madonge ya nyama na mboga, kwa kawaida ni za nguruwe; jibini ndogo ya maziwa ya mbuzi, picodon, haina shida hiyo na ni tamu mno. Miezi mizuri ni kuanzia Aprili hadi Oktoba, ingawa mvua za vuli huku si za kuchezea: gharika la Eyrieux la Septemba 1857 bado linatajwa. Majira ya baridi uwanda wa juu hupigwa na upepo wa theluji wanaouita burle, na hapo baiskeli hukaa ndani.

Siku ya nne nilipanda mkono wa Saint-Agrève. Baada ya Saint-Martin-de-Valamas bonde hubana, misonobari huchukua nafasi ya chesinati, na ghafla uko kwenye uwanda wa mita elfu moja na ushee, wenye malisho mapana na ng'ombe. Reli ilikuwa ikiendelea kutoka hapa hadi Le Chambon-sur-Lignon, kijiji cha Waprotestanti ambao babu zao waliteswa kwa ajili ya imani yao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wao na vijiji jirani waliwaficha Wayahudi na wakimbizi wengine kwa maelfu, wakiongozwa na watu kama mchungaji André Trocmé na mkewe Magda. Watoto wengi walifika kwa garimoshi lilelile dogo, wakashuka stesheni wasikomjua mtu, wakachukuliwa mashambani. Mwaka 1990 taasisi ya Yad Vashem ya Jerusalem iliwaheshimu wakazi wa eneo hilo kwa pamoja.

Nilikuwa nimedhani pale Saint-Agrève nitakuta mwisho tu wa njia ya baiskeli. Kumbe ndipo reli inapoanza. Watu waliojitolea waliiokoa sehemu ya kuelekea Dunières baada ya mwaka 1968, na hadi leo treni ya watalii hupita juu yake majira ya joto. Niliegemeza baiskeli kwenye uzio, nikasogea karibu, nikapima kwa macho nafasi kati ya chuma na chuma. Mita moja kamili, sawasawa na reli ya Tanga niliyokuwa nikivuka kila asubuhi kwenda shule. Nikachuchumaa, nikaweka kiganja juu ya chuma, kama tulivyofanya utotoni kusikiliza kama treni inakuja.