Steringi wa sinema bubu

Makambako tulikuwa tukiingia banda la video kwa ajili ya sauti ya Lufufu. Kapteni Derek Gaspar Mukandala, Lufufu mwenyewe, aliweka Kiswahili chake juu ya picha za kigeni, na sisi tukajua yupi steringi, yupi adui. Ndiyo maana sinema bubu hazinitishi. Nazo zinataka msimulizi.

Katika zile zinazohusu Afrika Mashariki, ya uongo kuliko zote ni ya kampuni ya Selig, mwaka 1909. Theodore Roosevelt alikuja kweli kuwinda huku. Wao wakabaki Chicago, wakamvalisha mwigizaji afanane naye, wakampiga risasi simba mzee mbele ya kamera. Iliyosota barabarani kuliko zote ni ya msafara wa Court Treatt: magari ya Crossley yalitoka Cape Town Septemba 1924, yakafika Cairo Januari 1926. Na Trader Horn, iliyotoka 1931, ndiyo iliyosimama mpakani: ilipangwa iwe bubu, ikageuzwa ya sauti.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni Simba ya Martin na Osa Johnson, ya 1928. Wamarekani hawa waliishi miaka kadhaa kando ya ziwa moja kule Marsabit. Martin anazungusha mpini wa kamera, mikono yote miwili ina kazi. Osa kasimama ubavuni na bunduki, macho kwa mnyama. Hakuna kinachosikika, na bado unabana pumzi.

Niliiangalia Njombe, mwezi wa saba, na bibi yangu, jiko la mkaa katikati yetu, kompyuta juu ya stuli. Mimi nasoma maandishi ya Kiingereza, namgeuzia Kiswahili. Yakaja maandishi ya kuwabeza wenyeji. Nikanyamaza.

“Mbona kimya? Wanasemaje?”

“Wanawacheka watu, bibi.”

Akavuta kitenge mabegani. “Basi hayo yaache. Wewe niambie unachokiona.”

Kuelekea mwisho wakatokea wanaume wenye mikuki na ngao, wakamzunguka simba majanini, duara likizidi kubana. Simba akaruka. Hakuna aliyekimbia. Bibi alikuwa amenishika mkono kwa nguvu.

“Hawa,” nikamwambia, “ndio steringi.”