Mbona gitaa lako linasikika kama liko ndani ya pipa?

Uko chumbani kwako Igoma, unapigapiga gitaa bila mpango, mara vidole vinaokota kitu kitamu. Unarekodi kwa simu. Ukisikiliza, pipa tupu!

Gitaa halina kosa. Simu inapokea sauti mbili: inayotoka moja kwa moja kwenye gitaa, na mwangwi unaorudi kutoka kwenye kuta, sakafu na bati. Ya kwanza hufifia haraka: umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu yake inabaki takriban robo. Mwangwi haujali sana umbali, umejaa chumba kizima. Basi isogeze simu, iwe sentimita 30 hivi kutoka pale shingo ya gitaa inapoungana na mwili. Mbele ya tundu besi inavuma mno. Blanketi ukutani litanyonya sauti nyembamba. Ule uzi mnene, wenye mitetemo 82 kwa sekunde, wimbi lake ni mita 4 hivi, blanketi haliuwezi. (Mvua ikipiga bati, pumzika tu.)

Kesho yake sikiliza tena. Chukua kile kipande ambacho bado kinakuganda kichwani, kipige upya, kisha vaa hedifoni urekodi gitaa la pili juu yake. Bila hedifoni, la kwanza litaingia tena kwenye maiki.

Au pigia yote kwenye gitaa moja. Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, leo Likasi, Kongo, mwaka 1952, alibeba besi kwa kidole gumba na melodia kwa kidole cha shahada.